Kadi ya Mama Kidoti

Maiti haikuwapo. Kulikuwa na friza iliyoachwa wazi, vichupa vimepangwa ndani yake safu kwa safu, na mwanamke aliyeketi sakafuni, miguu kainyoosha, macho makavu, kama mfiwa aliyekwisha kulia yote.

Koplo alichungulia, akashusha pumzi. Kwenye simu alisikia kwamba chuoni kumeuawa kazi ya mtu. Yeye akashika neno "kumeuawa" tu, akaja mbio na utepe wa kuzungushia mahali pa tukio. Sasa hakujua auzungushe wapi.

"Zungushia friza," Inspekta alimwambia.

Inspekta huyu kituoni walimwita Taratibu, na si kwa kumsifu. Hakupaza sauti, hakukimbia, hakupiga meza. Wakubwa wake walitaka majalada yafungwe. Yeye alikuwa na ugonjwa wa kuuliza swali moja zaidi wakati wenzake wameshavaa kofia zao. Mumewe alizoea kusema kwamba kuoa mpelelezi ni kukaa mahabusu, ila chakula ni kizuri.

Alivuta kigoda, akaketi karibu na yule mwanamke. Maelezo akayapata kwa fundi wa maabara, maana mwenyewe alikuwa hasemi.

Mwanamke yule alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, na chuo kizima kilimwita Mama Kidoti, kwa sababu ya bintiye mwenye kidoti cheusi shavuni. Miaka iliyopita ugonjwa wa ajabu uliwaangukia mbuzi. Wataalamu walikuwa bado wanaandaa semina wakati Mama Kidoti ameshavaa viatu vya mpira, anatembea na wafugaji zizi hadi zizi, mtoto mgongoni, anachukua ute wa pua za mbuzi wagonjwa na kuutia vichupani. Kisha ugonjwa ukaondoka kama ulivyokuja. Hakuna mbuzi aliyeugua tena. Kama virusi vyake vilibaki mahali popote, ni ndani ya friza hii.

Na sasa vilikuwa vimekufa. Virusi vile havistahimili joto, fundi alisema. Vikiyeyuka siku nzima ndiyo basi tena. Tasnifu nzima ilitegemea kipimo cha mwisho, na muda wa nyongeza aliopewa Mama Kidoti ulikuwa unaisha muhula huu.

"Amejuaje kama viliyeyuka?" Inspekta aliuliza. "Mbona naona barafu?"

Fundi alichukua kichupa kwa koleo, akakiinua kwenye mwanga. Barafu ya ndani ilikuwa imekaa sawa, kama chai kikombeni. Akaeleza kwamba watu wote humu hugandisha sampuli vichupa vikiwa wima. Mama Kidoti peke yake huvilaza mshazari kwanza mpaka vigande, ndipo huvisimamisha, ili barafu iwe na uso mpana wa kukwangua kidogo bila kuyeyusha chote. Wenzake humcheka kwa hilo. Barafu yake siku zote huwa imeinama upande. Leo asubuhi amefungua friza akaikuta yote imenyooka.

Inspekta alikitazama kile kichupa kwa muda mrefu. Mtu alizima friza, akaacha kila kitu kiyeyuke, kisha akaiwasha tena. Hakutaka kuonekana kwamba kuna kitu kimefanyika. Alitaka Mama Kidoti apime, akute vitu vimekufa, ajilaumu mwenyewe. Mwizi wa kawaida hana roho ya namna hiyo.

Koplo alikisia umeme ulikatika. Fundi akamwonyesha friza ya pili, iliyo kwenye laini hiyohiyo ya umeme. Humo hakuna kilichoguswa. Tena plagi ya friza ya Mama Kidoti sasa ilikuwa imehamia tundu la chini, ambalo limelegea, na kila mtu wa maabara analikwepa. Kengele ya friza je? Ilikufa zamani. Kamera ya mlangoni? Pambo tu.

Koplo alinyunyiza unga wa kuchukulia alama za vidole, akapata kwenye plagi dole gumba safi kabisa. Halikuwa la fundi wala la Mama Kidoti.

Mkuu wa ulinzi wa chuo alikuja anatweta. Mlango wa maabara, alisema, hufunguliwa kwa kadi, na mtambo unakumbuka kila kadi. Mwishoni mwa juma iligusishwa kadi moja tu, Jumamosi asubuhi na tena Jumapili jioni. Alipotaja ni ya nani, alimtazama mwanamke wa sakafuni, kisha akatazama viatu vyake.

Mkuu wa idara alifika nyuma yake, na habari ile ilimpendeza kupita kiasi. Alisema jambo limekwisha: mtafiti ameharibu sampuli zake mwenyewe, ama kwa uzembe ama kwa kuogopa mtihani. Alama ya kidole alisema inaweza kuwa ya mtu yeyote, hata fundi wa umeme wa mwaka juzi. Idara itamfuta masomo, polisi warudi kwenye wezi wa simu. Yaani bibi wa watu anatolewa chuoni kabla hata hajanyanyuka sakafuni.

Inspekta aliwaomba wote watoke. Wakatoka. Akabaki na mwanamke.

"Kadi yako ilikuwa wapi Jumamosi?"

"Nilikuwa nayo."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Kambini. Kambi ya kuandika, kule hosteli za nyuma."

"Ulitoka ukaja hapa?"

"Sikutoka."

"Kadi imekuja yenyewe?"

Mama Kidoti aliinamisha kichwa. "Sijui, afande. Mimi najua nilikuwa nayo."

Inspekta alikuwa ameshasikia uongo wa kila aina, wa kujiokoa, wa kujisifu, wa kujaza nafasi tu. Huu ulikuwa tofauti. Mama Kidoti aliusema kama mtu anayekinga kitu kwa mwili wake. Hakumbana zaidi. Alimshika mkono akamwinua, akamwambia aende akanywe maji.

*

Chuo kile kilijivunia huduma zake kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Jengo zima, rangi mpya: huku kituo cha uandishi, kule wataalamu wa takwimu, ghorofa ya juu ushauri nasaha, chini kabisa chumba cha watoto kwa wanafunzi wenye familia. Kambi ya kuandika nayo iliandaliwa hapo. Mwanafunzi anakabidhi simu mlangoni, anafungiwa chumbani peke yake na tasnifu yake kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumatatu asubuhi, chakula anapelekewa. Hakuna kutembeleana. Maana yake pia hakuna wa kukushuhudia. Mama Kidoti angeweza kutoka dirishani na kurudi, na hakuna ambaye angeapa kwamba hakufanya hivyo.

Msimamizi wa kambi alikuwa mshauri nasaha mwenyewe, mwanamume mpole, sweta laini, sauti ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Mlangoni kwake palibandikwa maandishi makubwa: LINALOSEMWA HUMU LINABAKI HUMU. Ndani mlikuwa na makochi mawili na sanduku la karatasi za kufutia machozi.

Inspekta alimuuliza jambo moja tu: je, alimwona Mama Kidoti akitoka kambini?

Hakumwona. Lakini hakuishia hapo. Akashusha sauti, akaanza kusimulia. Kwamba Mama Kidoti huja hapa kulia. Kwamba hapati usingizi. Kwamba amewahi kumwambia huwa anaamka akijiuliza kama amefunga friza, mpaka anarudi maabara kuhakikisha. Kwamba katika hali ya msongo mtu anaweza kufanya jambo na asikumbuke. Alisema yote hayo kwa huruma kubwa, mikono imekunjwa magotini.

Inspekta alikuwa hajamuuliza hata moja kati ya hayo.

Mshauri akaendelea, maana mtu asiye na kifua akishaanza humzuii. Alisema si mara ya kwanza. Mwaka huuhuu alikuwa na mwanafunzi wa historia, binti mwerevu sana, akamweleza kwamba anasikia sauti ya marehemu mama yake akiwa maktaba. Yeye akaidokeza idara ya historia, kwa nia njema, nao wakampa likizo ya lazima. Kadi yake ikafungwa mpaka atakapopona.

"Yeye aliruhusu uwaambie?"

"Inspekta, kuna hali ambapo mtu hawezi kujiamulia."

"Na yeye anajua ni wewe uliyewaambia?"

Mshauri alitabasamu kwa upole. Alisema haikuwa na faida kumwongezea mzigo.

Inspekta alisimama. Damu ilikuwa inamchemka, na kwa kuwa yeye ni Taratibu, ilichemka bila mvuke. Aliaga kwa adabu. Ngazini alimwambia Koplo kwamba siku akiumwa kichwa asimlete hapa. Amfungie kwenye gari tu.

*

Swali moja zaidi lilimpeleka chumba cha watoto. Lilikuwa swali la kimama: mama akiwa kambini siku zote hizo, mtoto alikuwa na nani?

Chumba kilikuwa na magodoro madogo, vikombe vyenye picha za wanyama, na kelele. Mlezi, mama mnene mwenye kanga kiunoni, alikuwa anamfuta mmoja kamasi huku anamtetea mwingine aliyeng'atwa. Kuhusu Kidoti alicheka. Kidoti hana shida, alisema, ana mama wawili. Mama Kidoti akiwa maabara, Mama Mdogo anakuja kumchukua. Si ndugu wa damu, ni shoga tu, lakini ukiwaona wale ni chanda na pete. Waliingia chuo pamoja, walikaa chumba kimoja kabla mtoto hajazaliwa, na Mama Mdogo ndiye aliyemshika mkono mwenzake leba. Siku hizi amepanga chumba nje ya geti, tangu idara yake impumzishe.

"Idara gani?"

"Historia."

Inspekta aliegemea mlango. Kidoti mwenyewe alikuwa hapohapo, anamvua mwanasesere viatu.

"Na humu mtoto anatolewa vipi?" aliuliza.

Mlezi alikunja uso kidogo, kama aliyeguswa kwenye heshima yake. Mtoto hatoki hapa bila kadi ya mzazi. Hata aje mkuu wa chuo. Kadi inagusishwa kwenye kile kidude mlangoni, taa ikiwaka kijani ndiyo mtoto anakabidhiwa. Kwa hiyo siku za zamu ya Mama Mdogo, Mama Kidoti humwachia kadi. Sheria ya chuo inakataza kuazimana, mlezi alikiri, lakini watu wenye watoto wataishije? Ijumaa Mama Mdogo alikuja na kadi. Jumamosi akamleta mtoto asubuhi, akaaga anakwenda kushughulika, mchana akamfuata. Na kadi mkononi, kama kawaida.

Mlango wa chumba cha watoto na mlango wa maabara ilifunguliwa na kadi moja. Wenye mpango ule walifikiria watoto wasiibwe. Hawakufikiria mtoto ndiye angekuwa njia ya kuingilia.

Koplo akataka waondoke hapohapo wakamkamate. Inspekta akakataa. Alitaka kwanza kumpa mtu mmoja nafasi ya kusema kweli.

*

Walimkuta Mama Kidoti hosteli ya familia, anafua nguo za mtoto ambazo zilikuwa safi. Koplo alibaki nje. Inspekta alikaa kitandani bila kuambiwa karibu.

"Nakuuliza tena. Kadi ilikuwa na nani?"

"Nilishasema."

"Sema tena."

"Nilikuwa nayo mimi."

"Ijumaa Kidoti alitolewaje chumba cha watoto?"

Mikono ya Mama Kidoti ilisimama ndani ya beseni.

"Dada," Inspekta alisema, na hapo aliacha uafande, "idara inataka kukufuta. Wanasema umefanya mwenyewe. Ukisema kadi haikuwa kwako, unaokoka."

"Na yeye?"

"Yeye ndiye ninayemtafuta."

"Hapana, umekosea." Alisema bila hasira, kama anayemweleza mgeni njia. Akasema chuo kilimfungia shoga yake kila kitu, maktaba, hosteli, hata zahanati. Kadi ile haikuwa ya kumchukulia mtoto tu. Alikuwa anampa aingie maktaba Jumamosi, asome, ajisikie mtu. Wakijua, watamfuta moja kwa moja, hata likizo haitakuwepo. Kwa hiyo ni lazima iwe kadi ilikuwa kwake Mama Kidoti. Mlango nao utakuwa umekosea. Mitambo hukosea.

"Plagi ina alama ya dole gumba."

"Si lake."

"Umeshajiuliza ni la nani?"

Mama Kidoti alikamua gauni dogo, akalikamua tena, mpaka likaisha maji. "Sitaki kujiuliza," alisema. "Nikijiuliza nitakuwa nimemsaliti. Ametoka kusalitiwa mwaka huuhuu, yule. Mimi siwezi kuwa wa pili."

Inspekta alitoka bila kuandika chochote. Nje alimwambia Koplo kwamba ameona watu wakifa na tai shingoni kwa ajili ya waume, kwa ajili ya mashamba, kwa ajili ya vyeo. Huyu anakufa na tai shingoni kwa ajili ya mtu aliyemchimbia kaburi.

*

Mama Mdogo alikamatwa asubuhi yake chumbani kwake, wakati Kidoti yuko na mama yake. Inspekta aliyapanga hivyo kwa makusudi. Chumba kilikuwa kidogo na nadhifu kupita kiasi, vitabu vimefungwa kwa kamba kama vya mtu anayehama. Ukutani ilibandikwa michoro ya mtoto. Mwenyewe alikuwa mwembamba, miwani, mikono ya kutulia. Hakuuliza anakamatwa kwa kosa gani. Aliuliza kama anaweza kuvaa viatu.

Kituoni Koplo alimsomea onyo: halazimiki kusema neno, na atakalosema laweza kutumika kama ushahidi. Alichukuliwa alama za vidole. Dole gumba lilikuwa lilelile.

Inspekta aliweka glasi ya maji mezani.

"Jumamosi uliingia maabara?"

"Ndiyo."

"Kufanya nini?"

"Kuchomoa friza."

"Na Jumapili?"

"Kuichomeka."

Koplo aliinua macho. Alikuwa amejiandaa kwa siku nzima ya mahojiano.

"Kwa nini uliichomeka tena?"

"Asijue. Nilitaka apime, aone vyote vimekufa, ajiulize amekosea wapi. Ajitilie shaka." Sauti yake haikutikisika. "Nilitaka aende kwa watu awaambie hajafanya kitu, nao wamwangalie vile. Unawajua wanavyokuangalia? Wanainamisha kichwa upande. Wanakwambia, nenda kapumzike. Nilitaka naye aambiwe akapumzike."

"Alikukosea nini?"

Mama Mdogo alivua miwani. Ndipo donge lilipomtoka, na lilitoka lote. Alisema baada ya mama yake kufa alikuwa anasikia sauti yake. Sauti ya kawaida tu, inamuuliza kama amekula. Haikumtisha, ilimfariji. Lakini ni Mama Kidoti peke yake aliyeambiwa, usiku mmoja, mtoto kalala katikati yao. Mama Kidoti akasema, nenda kwa mshauri, kule siri inabaki siri, mimi mwenyewe nakwenda. Akamsindikiza mpaka mlangoni. Akamngojea nje.

Juma lilelile idara ya historia ilimwita. Wakamwambia mambo ya sauti, neno kwa neno. Msimamizi wake akamwambia atoe vitu vyake ofisini. Kadi ikafungwa. Kazi ya miaka yote ile, wakampa mtu mwingine aimalizie, kwa kuwa yeye ni mgonjwa.

"Nilikaa kitandani kwangu nikahesabu nani anajua," alisema. "Mshauri kaapa, kazi yake hiyo, kabandika na mlangoni. Akabaki mmoja. Na huyo mmoja ndiye alikuwa analeta mtoto kila siku, ananiletea chakula, ananiazima kadi yake. Nikasema, kumbe hii huruma yote ni hatia inamtafuna. Kila aliponipa kadi niliona ananilipa. Nikaipokea. Nikacheka naye. Moyoni nilikuwa namngoja."

"Ulimwuliza?"

"Ungemuuliza nini mtu aliyekuuza? Angekataa tu."

Sheria haikumtaka Inspekta aseme zaidi. Kukiri kulikuwa kumekamilika, ushahidi ulikuwa mezani, jalada lingefungwa na wakubwa wangefurahi. Angeweza kuvaa kofia. Lakini mtu huyu alikuwa anakwenda gerezani akiamini jambo ambalo si kweli.

"Mama Kidoti hakusema," alimwambia.

"Unajuaje?"

"Kwa sababu aliyesema ameniambia mwenyewe. Nimekaa kwenye kochi lake. Nimemuuliza habari za kambi, akanipa habari za sauti ya marehemu mama yako. Sikumuuliza. Akanipa na machozi ya Mama Kidoti juu yake, nyongeza."

Mama Mdogo alicheka, cheko fupi la mtu anayetaniwa vibaya. Alimtazama Koplo, kana kwamba yeye angemwambia ni mchezo. Koplo aliangalia karatasi zake.

"Mshauri?"

"Mshauri. Alisema ni kwa nia njema."

Cheko lilikatika. Alirudisha miwani usoni, ikakaa vibaya, hakuirekebisha. Alipopata sauti, aliuliza jambo ambalo Inspekta alikuwa anaomba asiliulize.

"Mlinipataje? Yeye ndiye aliwaambia kadi ilikuwa kwangu?"

"Hapana."

"Alisema nini?"

"Alisema alikuwa nayo mwenyewe. Nilimuuliza mara mbili. Idara ilikuwa inamfukuza, alijua, na akasema alikuwa nayo mwenyewe. Alihofia utafutwa chuo."

Mama Mdogo hakulia. Aliweka viganja vyake juu ya meza, akavitazama, akavigeuza, akavitazama tena. Kisha akaomba wamrudishe mahabusu. Maelezo yake aliyatia sahihi bila kuyasoma.

*

Jioni Inspekta alirudi chuoni. Alianza kwa mkuu wa idara, akamweleza kwamba mtafiti wake hana kosa, na kwamba barua ya kumfuta aile na chai. Mkuu wa idara alisema bila shaka, bila shaka, na muda wa nyongeza utafikiriwa upya. Kuongezewa muda wa kufanyia nini, hakusema, maana mbuzi wamepona na vichupa vimekufa. Kuhusu mshauri, alijibiwa kwamba hilo ni suala la ndani la huduma. Inspekta alilijua jibu hilo kabla halijatoka. Sheria ya jinai haina kifungu kwa mtu wa namna ile, na yule angeendelea kukaa kwenye kochi lake, anapokea siri za watu. Aliandika malalamiko kwa mkono wake hata hivyo, akayaacha mezani, akaondoka amekasirika.

Mama Kidoti alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha watoto. Kadi yake alikuwa ameishika mwenyewe. Alipomwona Inspekta alisogea kumpa nafasi, na kwa jinsi alivyosogea ilionekana ameshajua.

"Ni yeye," alisema.

"Ni yeye. Amekiri."

Watoto walikuwa wanaimba ndani, kila mmoja kwa sauti yake. Mama Kidoti aliuliza kama shoga yake amekula. Inspekta akasema amepelekewa chakula. Akauliza kama amepigiwa kelele. Hapana, hakuna aliyempigia kelele.

"Kwa nini, afande? Nilimkosea wapi? Nimefikiri tangu jana, sioni."

Inspekta alimweleza yote, taratibu kama jina lake, kuanzia kochi la mshauri mpaka chumba cha mahojiano. Alimweleza jinsi shoga yake alivyohesabu nani anajua, akapata mtu mmoja. Mama Kidoti alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Taa ya mlangoni iliwaka kijani, mzazi mwingine akatoka na mtoto wake, wakapita.

"Basi alidhani ni mimi," alisema.

"Alidhani ni wewe."

"Muda wote ule. Anakula kwangu, anamwogesha mwanangu, anadhani ni mimi."

"Ndiyo."

Mama Kidoti aligeuza kadi mkononi. Yale machozi ambayo hayakutoka mbele ya friza yakatoka hapa, kwenye benchi, watu wakipita.

"Angeniuliza," alisema. "Tulikuwa tunaonana kila siku. Angeniuliza tu."